Mugasha kwenye Lubugo

Ma Alistidia aliingia jikoni kutafuta kaa la kuwashia kiko chake, akamkuta Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba wa Wahaya wa kale, amelala sakafuni.

Alikuwa amelazwa chali juu ya nguo ya gome, lubugo, mweusi kwa wino, mguu wake mmoja tu umekita katikati ya mawimbi, nywele zimetawanyika zikawa radi. Chini yake ziwa lilijaa viumbe ambavyo hakuna mvuvi wa Muleba aliyewahi kuvivua: ng'ombe wenye mapezi, samaki waliovaa shanga, nyoka aliyejikunja akabeba mgongoni kisiwa kizima pamoja na misonge yake na moshi wake. Klaudia, mke wa mwanawe, alikuwa amepiga magoti pembeni na kijiti cha tete mkononi. Alikuwa anamalizia magamba ya yule nyoka, moja moja, huku ncha ya ulimi imemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika.

Bibi hakumtazama nyoka. Alitazama juu ya mafiga, pale darini ambapo moshi hupita, palipokuwa pamening'inia furushi lililokunjwa tangu nyumba ile ijengwe. Kamba ilikuwapo. Furushi halikuwapo.

"Klaudia."

"Abee, mama."

"Hicho unachokichorea umekitoa wapi?"

"Hapo juu, mama. Mwanao Mwalimu alisema ni lubugo la zamani tu, halina kazi. Karatasi kubwa kama hii haipatikani hata Bukoba mjini." Klaudia aliinua uso akitabasamu, maana kazi ilikuwa imemwendea vizuri na alitaka kusifiwa. "Mama, unamjua huyu?"

Ma Alistidia alikaa chini taratibu, kiko bado hakijawashwa.

"Hiyo ni nguo yangu ya kuzikiwa," alisema.

Msomaji asimcheke Klaudia. Alipelekwa kwa masista wa Kashozi akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na huko alifundishwa kalamu ya nibu, na kuchora pambo kwenye kadi za watakatifu. Kwenye kabati la masista kulikuwa na kitabu kikubwa cha Kizungu chenye majoka na farasi wa mabawa, vyote vya wino mtupu bila rangi, na msichana huyo alikitazama mpaka sista akaanza kumhofia. Alitoka Kashozi akijua kuchora kitu chochote ambacho hakipo duniani. Kilichokuwapo juu ya mafiga ya Wahaya hakuna aliyemwambia. Wala si jambo la kuambiwa, kwa sababu nguo ya kuzikiwa ya mtu aliye hai haitajwi. Inatundikwa kwenye moshi isiliwe na wadudu, watu wa nyumbani wanapita chini yake miaka na miaka, na kila mmoja anajua na hakuna anayesema. Protase naye, mwana wa nyumba, alikulia mabwenini. Aliambiwa na mkewe atafute kitu kipana cha kuchorea, akanyoosha kidole juu, akaenda zake kwenye mkutano wa chama.

Na wino wenyewe Klaudia aliutengeneza kwa masizi ya taa na utomvu wa mgomba. Mwenye shati lililowahi kudondokewa na utomvu wa mgomba anajua mengine yote.

* * *

Protase aliporudi alikuta meko mawili yanawaka katika boma moja. Jikoni alikuwapo mkewe, analia juu ya ndizi. Nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mbuni, alikuwapo mama yake, amejipikia kwenye chungu cha kuazima kwa jirani.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa kijiji kile lilikuwa tangazo. Mama mkwe akikataa chakula cha mkazamwana wake, hakuna haja ya kueleza zaidi, na hadi jua linazama wanawake watatu walikuwa wameshapita njia ya pale ambao siku zote hawapiti. Waliuliza hali, wakaangalia chungu, wakaenda.

"Mama, waitu, mimi ndiye niliyekosa," alisema Protase. "Mimi ndiye niliyesema alichukue. Usimwadhibu yeye."

"Simwadhibu mtu. Napika."

"Nitakununulia lubugo jingine."

"Litatoka kwenye mti gani?"

Protase alilijua jibu. Lubugo lile baba yake, marehemu Karugendo, alilibandua kwenye mtoma wa kibanjani, katika shamba lao la migomba, mti alioupanda siku alipomleta Alistidia nyumbani, akaligonga kwa nyundo yake ya mbao mpaka likawa jembamba na laini. Watu waliligusa wakasema Karugendo anagonga kama mtu anayebembeleza. Mtoma huo ulikatwa baada ya Azimio, ilipotakiwa nafasi ya ofisi ya tawi la chama. Katibu wa tawi, aliyesimamia ukataji na kutoa hotuba, alikuwa Mwalimu Protase.

"Basi tulifue," alisema kwa unyonge. "Kwa sabuni na maji ya moto."

"Lifue," alisema mama yake. "Unikabidhi nyuzi."

* * *

Ta Kagaruki, mdogo wake Karugendo na sasa mkubwa wa ukoo, alikuja kesho yake adhuhuri amevaa koti. Alipokewa kwa magoti, akapewa kiti na kahawa ya kutafuna, akaomba kukiona kilicholeta taabu. Klaudia alikitandaza kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni sebuleni. Hata siku hiyo alikikunjua kutoka kwenye kona iliyo salama, asikwaruze wino.

Mzee alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Alimtazama Mugasha, akatazama ng'ombe wenye mapezi, akainama kuona kama kweli kwenye kisiwa cha mgongo wa nyoka kulikuwa na mwanamke anayeanua kahawa. Alikuwapo, mdogo kuliko punje ya mtama, na mkekani mwake punje zilionekana. Ta Kagaruki alikumbuka kwamba alikuja kukasirika, akaketi wima.

"Wewe ni Mkristo?" aliuliza.

"Ndiyo, waitu."

"Na unamchora huyu?"

"Namchora kama hadithi, waitu. Masista walikuwa na picha za majoka, na hakuna aliyeyaabudu. Nilifikiri na sisi tunayo ya kwetu, tena makubwa zaidi, lakini hayajapata mtu wa kuyachora."

Jibu hilo lilikuwa zuri na halikumsaidia. Mzee alimgeukia Protase.

"Mwalimu, ulisoma sana. Mama yako aliiacha mizimu akiwa msichana. Alibatizwa, akapigwa na baba yake kwa kubatizwa. Na sasa mnataka siku ya kufa kwake tumfunge ndani ya Mugasha, tumpeleke kanisani, padri amnyunyizie maji ya baraka. Mtaniambia niseme nini mbele ya watu?"

"Tutafunika kwa shuka juu, waitu."

"Utafunika macho ya watu. Ya mama yako utayafunika kwa kitu gani?"

Ma Alistidia, aliyekaa mlangoni ametoa miguu nje, hakusema kitu. Hilo ndilo lililomkata Klaudia maini, kwamba mtu aliyetendewa kosa hakusema kitu. Angetukanwa angeweza kuomba radhi.

"Klaudia aende kwao Maruku akapumzike kidogo," alisema Ta Kagaruki mwishoni, akitafuta kofia yake. "Sisi tutafikiri."

Watu wote mle ndani walijua mapumziko ya namna hiyo huchukua muda gani. Wapo wanawake waliokwenda kupumzika wakapumzikia huko huko uzeeni. Klaudia alikuwa hana mtoto bado, na hilo halikutajwa na mtu yeyote, likakaa katikati ya chumba kama mgeni mwingine.

* * *

Asubuhi alikuwa anafunga nguo zake kwenye kitenge aliposikia anaitwa. Ma Alistidia alikuwa sebuleni peke yake, amelitandaza lubugo, amelikalia pembeni kwa namna watu wanavyokaa kando ya mgonjwa.

"Kabla hujaenda niambie neno moja," alisema. "Uso huu ulionyeshwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Mimi!"

"Mwaka ule mimba ilipotoka. Ulikaa nami kitandani ukinisimulia Mugasha ili nisilie. Ulisema ana paji pana kama mlango. Ulisema jicho la kushoto linafumba kidogo akitaka kumtania mtu. Ulisema ndevu zake hazioti upande mmoja wa kidevu. Sijaongeza kitu, mama. Viumbe vya ziwani ni vyangu, lakini uso ni ule ulioniambia."

Ma Alistidia alitazama kidevu kile. Wino ulikuwa umekwenda upande mmoja kwa mistari myembamba, unywele kwa unywele, na upande wa pili gome lilikuwa limeachwa wazi, la rangi ya udongo, kama ngozi iliyoungua zamani ikapona.

"Hakuna aliyewahi kumwona Mugasha," alisema polepole. "Mimi ningejuaje ndevu zake? Aliyeungua kidevu utotoni ni Karugendo."

Klaudia alishika mdomo. Baba mkwe wake alikufa kabla yeye hajaolewa, na picha yake haikuwapo nyumbani, maana Karugendo hakupata kupigwa picha maishani mwake.

"Nilikuwa nakusimulia Mugasha," alisema bibi, "kumbe nakusimulia mume wangu."

Halafu alifanya jambo ambalo Klaudia hakulitarajia. Alianza kucheka. Alicheka kwa pua kwanza, kisha kifua kizima, machozi yakamtoka akayafuta kwa kiganja.

"Na wewe umemsimamisha ziwani! Karugendo! Mtu aliyekuwa akivuka kijito anashikwa mkono! Siku tuliyokwenda Kemondo kumsalimia dada yake alikataa hata kukanyaga mchanga, akasema maji yanamtazama vibaya. Leo ndiye bwana wa maji, ameshika radi." Akamwinamia mtu wa wino kabisa, uso kwa uso. "Umependeza, mzee. Nani angefikiri."

Klaudia naye alicheka, akalia, na hakujua anafanya lipi.

"Umepika?" aliuliza bibi.

"Kuna ndizi na maharage, mama. Ni za jana jioni, nilizipasha tu."

"Lete."

Alikula chote kilichokuwa kwenye sahani, kisha akafuta vidole na kuanza kulikunja lile lubugo kwa mikunjo ile ile ya zamani.

"Fungua mzigo wako. Kagaruki nitazungumza naye mimi. Lakini usidhani kwamba yamekwisha. Alichokigonga Karugendo ni changu, na sasa na yeye mwenyewe yumo. Hakitoki katika nyumba hii mpaka nitoke nacho."

Hakuwa ameikaza kamba wakati Landrova ya serikali ilipoingia uani ikawatawanya kuku.

* * *

Bwana Burhani, Afisa Utamaduni, alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kinachoteleza hadi wenyeji wakaona haya kufungua midomo. Ndiye aliyeziona picha ndogo za Klaudia kwa Protase, akaagiza moja kubwa kwa ajili ya maonyesho ya Saba Saba. Alipofunuliwa lubugo alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Dada yangu," alisema, "mimi nimeona kazi za watu wengi. Hii sijaiona." Akaondoka pale, akazunguka chumba, akarudi. "Huyu nyoka amebeba kisiwa. Nani alikwambia?"

"Nilimwona tu kichwani."

"Basi hicho kichwa tukitunze." Akamgeukia bibi, akainama. "Shikamoo, mama. Naomba ruhusa nilichukue."

Ma Alistidia alijibu kwa Kihaya, na Protase akalazimika kutafsiri huku anaangalia viatu vyake.

"Mama anasema lubugo ni la kuzikiwa yeye. Anasema likienda, na yeye anakwenda. Likirudi, anarudi nalo."

"Litarudi," alisema Bwana Burhani, na alisema kweli kwa kadiri alivyojua siku hiyo. "Maonyesho yakimalizika tu. Mama atakaa mbele, karibu na dereva."

Hivyo ndivyo Ma Alistidia alivyosafiri kwenda Bukoba, furushi mapajani, kiko mdomoni, dereva akikohoa njia nzima bila kuthubutu kusema neno.

* * *

Banda la mkoa lilijengwa kwa mabua na matawi, na lilijaa kila kitu ambacho mkoa wa Ziwa Magharibi ulitaka kujisifia. Kulikuwa na kahawa ya kila daraja, mikungu mirefu kuliko watoto, majembe yaliyopakwa rangi, mbuzi wa kizungu katika kizizi. Lakini watu walikuwa wanapita kwenye kahawa bila kusimama. Wote walikuwa wanakwenda ukutani, mwisho wa banda, alikotundikwa Mugasha.

Natamani ningekuwa na maneno ya kulisema lile banda siku ile. Gome la mtoma linapopigwa na mwanga lina wekundu wa ndani, kama ngozi ya mtu mwenye afya, na ule wino mweusi ulikuwa umezama ndani yake, haukulala juu. Mawimbi yalionekana kupumua. Wanafunzi wa kike walijipanga na kuanza kuvitafuta viumbe: wameona ng'ombe mwenye mapezi, wameona samaki wa shanga, nani ameona mwanamke anayeanua kahawa? Wavuvi wawili wa Kemondo walivua kofia zao wakazishika kifuani, kisha wakaona watu wanawatazama wakazivaa. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba, akaondoka, akarudi na dada yake. Na wote waliokaribia sana waliishusha sauti.

Klaudia alisimama kando ya nguzo. Hakujua mtu anafanya nini na mikono yake anaposifiwa na watu asiowajua, akaificha chini ya kanga. Furaha ilikuwa inamwumiza kifuani.

Ma Alistidia alikuwa amekaa chini kabisa ya picha, sakafuni, miguu imenyooshwa, analinda. Kijana wa Umoja wa Vijana aliyevaa shati la kijani alimjia.

"Bibi, hapa ni mahali pa wageni. Mgeni rasmi anakuja. Nenda kakae kule nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kule. Karibu na mbuzi."

Alisaidiwa kuinuka kwa kushikwa kwapa. Klaudia aliona, akataka kwenda, Protase akamshika mkono. "Ni kwa dakika chache tu," alinong'ona. "Usilete maneno." Bibi alikwenda akasimama kando ya kizizi, na mbuzi mmoja akaanza kutafuna ncha ya nguo yake.

Mgeni rasmi alifika na watu wake. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye fimbo, na tuseme haki, alikuwa anapenda vitu vizuri. Mbele ya Mugasha alisimama, hotuba ikamtoka kichwani.

"Mwalimu," alimwambia Protase, "umechora wewe?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni mke wangu."

"Huyu?" Alimtazama Klaudia kwa heshima mpya. "Mama, hongera. Hongera sana. Wakoloni walituambia hatuna chochote. Waje watazame!" Watu wakapiga makofi, naye akainua fimbo wakanyamaza. "Picha hii inakwenda Dar es Salaam. Itundikwe mahali ambapo dunia nzima itaiona. Na mchoraji atakwenda nayo. Kule wanatafuta watu wa kuchora vitabu vya shule. Watoto wetu wamechoka kuona majumba ya theluji!"

Makofi yalikuwa makubwa zaidi. Bwana Burhani peke yake hakupiga. Alimtazama Klaudia, kisha bibi kando ya mbuzi, kisha ardhi.

Klaudia aliitaka safari hiyo. Tusimfanye malaika. Aliitaka kwa mwili mzima, kama mtu mwenye kiu. Kwa kitambo kidogo aliviona vitabu, kurasa nyeupe tupu zisizo na mwisho, wino wa dukani, meza yenye dirisha. Kisha akageuza uso, akamwona mama mkwe wake anavutana na mbuzi.

"Sema asante," alinong'ona Protase.

"Mheshimiwa, nashukuru," alisema Klaudia. Sauti ilikuwa ndogo, banda likatulia ili lisikie. "Wino ni wangu. Nguo si yangu. Ni ya mama mkwe wangu, yule pale. Aliiweka ya kuzikiwa. Niliichukua kwa kutokujua, na tuliahidiwa itarudi."

Mgeni rasmi alicheka kidogo, bila ubaya.

"Mama atapewa shuka. Jipya, jeupe, la dukani. Nitalitoa mimi mwenyewe. Ndugu zangu, magome tumeshayavua. Tulivalishwa unyonge, na siku hizi tunavaa pamba yetu. Lubugo tunaliheshimu, lakini mahali pake sasa ni ukutani."

Wengine walipiga makofi. Ma Alistidia hakuelewa maneno yote, lakini alielewa makofi. Alikuja kutoka kwenye mbuzi, watu wakampisha, akasimama mbele ya mheshimiwa na kupiga magoti kumsalimia kama alivyofundishwa kumsalimia mkubwa. Kisha akainuka akasema kwa Kiswahili chake kichache:

"Mnishushie."

Hakuna aliyejongea. Kijana wa shati la kijani alimtazama mheshimiwa. Mheshimiwa alimtazama Bwana Burhani, na Bwana Burhani alisema, kwa adabu zote za Tanga, kwamba ni kweli, ahadi ilitolewa, na aliyeitoa ni yeye.

"Mnishushie," alisema tena Ma Alistidia.

Protase, katibu wa tawi, alivuta benchi. Watu walidhani anampa mgeni rasmi kiti. Yeye alipanda juu yake na viatu vyake vya hotuba, akaanza kuchomoa pini.

"Mwalimu!" alisema mgeni rasmi.

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu Protase, na akachomoa nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka masikioni. Alijua barua anazoweza kuandikiwa mwalimu kwa sababu ya benchi kama lile. Hata hivyo alizitoa pini zote moja baada ya nyingine, akalipokea lubugo mikononi kabla halijagusa sakafu, akashuka, akampa mama yake kwa mikono miwili.

Kila mtu alidhani atalikunja. Klaudia tayari alikuwa amenyoosha mikono amsaidie kukunja. Lakini Ma Alistidia alilifungua, akalizungusha mwilini juu ya gauni lake la kanisani, akalipitisha chini ya kwapa moja na kulifunga fundo juu ya bega la pili, kama walivyovaa wanawake wakati yeye ni msichana. Mikono yake ilikumbuka. Alilivuta huku na huku mpaka Mugasha akakaa sawa mgongoni, kichwa kwenye mabega, mguu kwenye kisigino.

"Nikiwa nimekufa sitaliona," alisema kwa Kihaya, na waliojua Kihaya waliwatafsiria wengine. "Wala sitajua kama mnanitazama. Nitalivaa sasa."

Akatoka nje.

Kulikuwa na jua, na uwanja ulijaa watu waliovaa vizuri kwa sikukuu. Wasichana fulani waliona bibi kizee aliyevaa gome katikati ya Bukoba wakaanza kucheka, kisha alipowapita wakauona mgongo wake, na kicheko kikaishia njiani. Watu waliacha soda zao. Kutoka bandani walitoka wanafunzi, wakatoka wavuvi, akatoka hata mgeni rasmi na fimbo yake, akasimama mlangoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuona.

Ma Alistidia alishika barabara ya kituo cha mabasi. Goti lake la kulia lilikuwa bovu siku nyingi, kwa hiyo kila hatua lubugo lilipanda na kushuka, mawimbi yakajikunja, nyoka akasogeza kisiwa chake, na yule bwana mkubwa mwenye mguu mmoja na ndevu za upande mmoja akaenda anachechemea juu ya maji, mbele ya watu wote.

Klaudia alikimbia kumfikia, akamshika mkono ili amsaidie mteremko.

"Niache," alisema Ma Alistidia. "Rudi nyuma yangu. Hujapata kumwona akitembea."